Mwanangu, geuza boksi usome nyuma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Voice note yako ya jana nimeisikia, pua imeziba mpaka "mama" inatoka "baba", na ukasema kemist wa karibu na hosteli hapo Mombasa amekupa kidonge cha aleji umeze kila usiku. Sasa kabla hujameza cha leo geuza boksi usome yale maandishi madogo ya nyuma. Ukiona neno montelukast, dawa ya pumu na aleji, ngoja kwanza, maliza kunisoma mimi. Mara nyingi wanaichanganya na dawa nyingine ya aleji, levocetirizine, kwenye kidonge kimoja halafu boksi likapewa jina lake la biashara, mbele hutajua kitu.

Wewe hukumbuki vizuri manake ulikuwa darasa la tatu. Si unaijua nyumba yetu ya Langoni na kuta zake za mawe, masika yakianza tu ukungu unapanda mpaka nyuma ya kabati, na wewe chafya kuanzia alfajiri, usiku kifua kinalia. Ukaandikiwa hiyo montelukast, vidonge vya kutafuna vya miligramu 5, ile dozi ya watoto wa miaka 6 mpaka 14, na kusema haki kifua kilitulia. Lakini usiku ukawa mtu mwingine. Unaamka na mayowe ati boriti za dari zinatembea, macho umeyatoa lakini hunioni, nikikushika unaniuma. Mchana machozi kwa kitu kidogo, madrasa ukampiga mwenzako, wewe ambaye hata paka akiingia jikoni ulikuwa humfukuzi. Na siku moja tunakula ukaniuliza, sauti ya kawaida tu kama anayeomba maji, mtu akifa mdogo anaumia? Tonge langu nilirudisha kwenye sinia.

Shangazi yako akasema ni jini. Ukasomewa, ukanywa kombe, na mimi neno baya juu ya kusomewa hutalisikia kwangu, lakini kidonge hakuna aliyetuambia kinaweza kuhusika. Ni sista mmoja, tumekwenda kwa jambo lingine kabisa, aliuliza swali moja tu: kuna dawa gani mpya ameanza? Dokta akaisimamisha, akakubadilishia inhela, na zile ndoto zikapungua pole pole mpaka zikaisha. Alhamdulillah, manake wako ambao mambo yaliendelea hata baada ya kuacha.

Na hii si hadithi ya mama mwenye wasiwasi. Dawa imeidhinishwa Marekani tangu 1998, ikaja kuandamwa na ripoti za jinamizi, hasira, huzuni, kutembea usingizini, kuona vitu visivyokuwepo, mpaka fikra za kujiua, na Machi 2020 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaiwekea lile onyo linalozungushiwa fremu kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, ambalo ndilo kali kuliko yote wanayoweka. Wakasema na hili: kwa mafua ya aleji peke yake isitumiwe ila dawa nyingine zikishindwa au mtu hapatani nazo. Soma hapo tena, mafua ya aleji, ndiyo hayo uliyo nayo wewe. Uingereza nao 2024 walikaza maonyo yao.

Wengi wanaitumia na hawapati kitu, binamu yako ni mmoja wao na pumu yake imeshikika, kwa hivyo usiende kumtisha. Lakini wewe, dawa hii ina historia na wewe.

Nimeandika pia kwa sababu kwenye group ya familia umejitania kwamba ulikuwa "mtoto wa majini" na watu wakaweka vicheko. Mimi sikucheka. Hukuwa na jini, hukuwa mtoto mbaya, na ile hasira haikuwa tabia yako iliyojificha mahali ikisubiri ukue. Nimekuona vile unavyojichunga ukikasirika, unatoka nje kabisa ukae barazani, najua unaogopa nini.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa dokta, si kemist, mwambie umewahi kuitumia na ilikufanya nini, asipoandika kwenye faili mwambie aandike. Muulize ile dawa ya kupuliza puani ya steroidi, hiyo inataka kutumiwa kila siku na siku za mwanzo utaona kama haifanyi kitu, vumilia. Vidonge vya aleji vya cetirizine au loratadine pia vipo. Piriton achana nayo wakati wa mitihani, utalala juu ya karatasi. Inhela yako usiiache, endelea nayo vile vile.

Na kama cha juzi na jana umeshameza, mwambie unayelala naye chumbani akuangalie, manake mtu mwenyewe huwa hajioni, anaona dunia ndiyo imebadilika. Usingizi ukiharibika, ukijiona mzito wa roho bila sababu, usimeze kingine na umwone dokta siku hiyo hiyo. Likikujia wazo la kujidhuru usikae nalo, mwamshe mwenzako mwende hospitali, na unipigie hata saa tisa za usiku, simu yangu iko kwenye mto.

Foronya mpya nimempa mjomba yako, anapanda basi kesho asubuhi, zifue kwa maji moto kabla hujazilalia. Na picha ya hilo boksi nitumie sasa hivi, pande zote mbili.

Mamako