Kambi za shule na sisi tusio na ndugu Nairobi

Mhariri naomba nafasi kidogo niongelee hizi kambi za shule. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi South C kwa ajili ya kazi ya mume wangu na kijana wetu yuko gredi ya 5. Juzi shule iliwapeleka Naivasha, wakaendesha baiskeli kwenye hifadhi ya Hell's Gate, wakalala kwenye mahema, na hilo sina neno nalo kabisa, mtoto wa fleti akiona twiga bila kioo cha gari ni elimu tosha.

Shida ilianza na fomu. Wanataka jina la ndugu anayeishi Kenya mbali na baba na mama, sasa mimi nimtoe wapi wakati wote wako Tanga na Muheza? Nikamwandika jirani yangu, mama mmoja wa Machakos ana roho safi sana.

Siku ya kurudi tukaambiwa saa kumi jioni tuwe getini. Saa kumi ikapita, magharibi ikaingia, mvua inapiga, simu ya ofisi haipokelewi, grupu la wazazi limefungwa wanaandika watu wa shule tu, wenzangu wanapigia mashemeji zao huko Mai Mahiu, njia ya Naivasha, wanaambiwa ni malori yamejazana, mimi nimeshika simu bibi yake anapiga video toka Tanga mjukuu kafika? Namwambia yuko njiani mama, na sijui kama ni kweli. Yale makorongo ya Hell's Gate mwaka 2019 maji yaliua watu saba, sasa na mvua ile wewe ungewaza nini?

Basi likafika usiku. Kumbe Naivasha hata tone halikudondoka! Kijana kashuka midomo imepasuka, soksi zimekakamaa kwa vumbi, kwenye begi kuna taulo la mtu mwingine na raba moja tu, anauliza kama kuna wali maharage maana kachoka na githeri, yale makande ya Kenya. Mwalimu kasema "jam" akapita zake.

Jamani, mwalimu aliye ndani ya basi namba yake tupewe wazazi wote, meseji moja tu ya kusema tumetoka, inagharimu nini? Na basi la shule barabarani usiku si sheria inakataza? Alafu jirani akiandikwa kwenye fomu akubalike, Nairobi hii imejaa Waganda, Wakongo, Wasomali na sisi, sio mtu wa ofisini aniulize mbele za watu "kwani huna hata shangazi?"

Mama wa Gredi ya 5,
South C, Nairobi