Mgonjwa apewe mofini kwanza

Mhariri,

Nimefuatilia katika gazeti lako mjadala wa kifo cha huruma, yaani daktari kumkatishia uhai mgonjwa anayeteseka kwa ombi lake mwenyewe. Wanaotaka kiruhusiwe wanatutajia Uholanzi, ambako sheria ilianza kutumika 2002, na Kanada iliyofuata 2016. Nawaheshimu, maana wengi wao wameuguza na wanajua uchungu wa kumtazama mtu wako akiteseka. Lakini Mholanzi anayeomba kufa ana daktari anayemjua kwa jina, ana bima, na dawa kali ya maumivu ilishamfikia kitandani. Mama yetu mwenye saratani ya shingo ya kizazi, aliyefika hospitali ugonjwa umeshasambaa, mara nyingi anarudishwa nyumbani na panadoli. Huyo akilia "niacheni nife", anaomba nini hasa?

Naamini anaomba maumivu yaishe, na yanaweza kutulizwa bila kumuua. Waganda wametuonyesha. Tangu 1993 Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiopona lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman, limetumia mofini, dawa kali ya maumivu, ya unga iliyochanganywa na maji, mgonjwa anakunywa akiwa nyumbani kwake. Vijijini madaktari hawakutosha, hivyo mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyepona, wakaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini. Mgonjwa halipii.

Kwetu bado nasikia, hata kwa wahudumu wa afya, kwamba mofini ni dawa ya kufia, au kwamba mgonjwa atakuwa teja. Mtu aliyebakiza wiki chache! Ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu kufuata maumivu, mofini haiui. Mgonjwa analala, anaamka, anazungumza na wanawe, anaacha wosia. Wanaohofia dhambi wajue kwamba Papa Pius XII alitamka mwaka 1957 kuwa ni halali kumtuliza anayekufa hata kama dawa hiyo huenda ikafupisha maisha yake. Kuondoa mashine isiyomsaidia tena mgonjwa nako si kumuua. Haya tusiyachanganye na sindano ya kukatisha uhai.

Ninachokiogopa zaidi ni deni. Familia zinauza shamba, zinauza ng'ombe, ndugu wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp, na mgonjwa anasikia kila neno kutoka chumba cha pili. Mpelekee mama huyo fomu ya kuomba kufa, ataisaini ili ada ya wajukuu isiliwe na ugonjwa wake. Huo nao tuuite uamuzi wa hiari?

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba mofini ya kunywa isiishie hospitali kubwa. Ifike kila wilaya, na wauguzi wafundishwe kuitoa bila woga. Wanaopigania sheria ya kifo cha huruma watuunge mkono katika hili. Likishatimia, niko tayari kuwasikiliza kuhusu wale wachache ambao hata mofini haikuwatuliza.

Msomaji wako,
Morogoro