Nyama iliyokuwa "rare"

San Antonio, Texas

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Mama na wote hapo Muheza. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Uliniuliza kwenye simu kama Kiingereza ulichonifundisha kinanifaa huku. Kinanifaa sana, na siku hizi kinawafaa na wenzangu. Nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe ni la maneno, na kwenye simu mtandao ungetukatisha.

Jikoni kwetu hotelini wengi ni watu wa Mexico na Honduras, wanazungumza Kihispania tangu asubuhi hadi zamu iishe. Yupo mama mmoja wa Puebla, huko Mexico, ninayefanya naye kazi meza moja. Mwezi uliopita alitoa kwenye friji sinia la nyama ya kuoka iliyolala, akafunua, akainusa, akakunja uso. Akamwambia mpishi mkuu, "This meat is rare." Mpishi hata hakugeuka. Akamjibu airudishe motoni dakika chache. Mama wa watu akabaki amesimama na sinia lake, akasema tena lile lile neno, kwa sauti ya juu kidogo, na jibu likawa lile lile. Nikasogea nikanusa: imechacha. Nikamwambia mpishi "It smells off", ikatupwa palepale.

Umeshaona kosa lilipo, Baba. Kwao "raro" ni kitu chenye walakini, kitu kisichoeleweka. Kwa Kiingereza "rare" ni kitu adimu, na ukilitia jikoni ni nyama ambayo ndani bado nyekundu. Alisema kitu cha kweli kwa neno ambalo mahali pengine popote lingeeleweka nusu, lakini mbele ya jiko lilikuwa na maana yake kamili, tena nyingine kabisa. Siku ile alilia chooni. Hakulilia nyama. Alilia kwa kuwa pua yake ilikuwa sahihi na hakuna aliyemsikia.

Tangu hapo tunakaa wakati wa mapumziko, yeye na wenzake wawili watatu, na daftari. Maneno ya vitu visivyo vya kawaida ndiyo yanayowasumbua kuliko yote, kwa sababu yanafanana na ya kwao halafu yanawageuka. Mzee mmoja wa Kolombia aliandika kwamba babu yake alikuwa "a bizarre soldier". Alitaka kumsifu! "Bizarro" katika Kihispania cha asili ni mtu shujaa, mwenye moyo. Kwa Kiingereza babu amekuwa askari wa vituko. Tulifuta pamoja, tukaandika "brave", naye akalitazama lile neno jipya kwa muda mrefu.

"Odd" niliwafundisha kwa njia yako. Unakumbuka ulivyotupangia kokoto mbilimbili, ile inayobaki peke yake ukasema ndiyo witiri? Nilitumia vijiko. Kile kilichokosa mwenzake nikakiinua, wakaelewa mara moja kwamba neno moja linabeba namba witiri na kitu kisichofanana na vyenzake.

Lililonishinda kulieleza kwa urahisi ni "weird", yaani wa ajabu. Mtoto wa yule mama aliitwa hivyo shuleni kwa sababu ya chakula alichofungashiwa, akarudi hakula. Lakini ukienda Austin, mji ulio kaskazini mwa huku, unakuta watu wazima wamevaa fulana zimeandikwa "Keep Austin Weird". Msemo huo aliuanzisha Red Wassenich mwaka 2000, mfanyakazi wa maktaba ya chuo, alipopiga simu redioni kutoa mchango wake, na wenye maduka madogo wakaudaka. Yule mama akaniuliza: ni tusi au ni sifa? Nikamwambia aangalie nani anamwambia nani. Anayejiita mwenyewe anajivuna. Anayeitwa na wenzake mbele ya chakula chake anaumia. Kwa mtu unayemheshimu, nikamwambia, sema "unusual", na kama ameacha desturi kwa hiari yake, "unconventional".

Hapo nilikukumbuka wewe, Baba. Mama akiwa zamu ya usiku, wewe ulikuwa ukisonga ugali na kutufulia sare, na majirani wakaona kioja. Mimi nilikuwa mdogo, nikiona haya. Ningekuwa nalo neno hilo wakati ule ningewajibu.

Juzi yule mama alikuwa kwenye simu na binti yake mkubwa aliyebaki Puebla. Nikamsikia akisema "te extraño, te extraño". Nami wiki ile ile nilikuwa nimeandika daftarini kwamba "extraño" ni "strange". Alipokata simu nikamuuliza, mbona unamwambia mtoto kuwa ni wa ajabu? Akanishika mkono. Akaniambia neno ni hilo hilo, ila ukilisema hivyo maana yake ni nimekukosa, nina hamu nawe.

Basi Baba, te extraño. Mwambie Mama naye.

Hela ya dawa zake nimeituma jana, mwangalie kwenye simu ya Shangazi. Kama lile kamusi lako la jalada jekundu halijaliwa na mchwa, naomba mdogo wangu anipigie picha kurasa za herufi Q, nina neno "quaint" la kuwafundisha Jumatatu na sijaridhika na maelezo yangu.

Ni mimi binti yako.