Mbwa wa shamba anamngurumia mtoto kwenye chakula

Assalaam aleikum, daktari wa mifugo.

Tupo Muyuni, Kusini Unguja. Tuna mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu, anayelinda muhogo usivamiwe na kima. Usiku yuko shamba, mchana uani. Chanjo ya kichaa cha mbwa kachomwa alipotimia miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka. Kwa watu wazima hana neno. Nyumbani mna watoto wawili wakubwa, wa chuoni (madrasa), na mmoja wa miaka miwili, na huyo mdogo ndiye sababu ya barua hii.

Akisogelea sufuria, mbwa huacha kutafuna, hukakamaa, huinamisha kichwa juu ya chakula na kumtupia jicho la pembeni mpaka weupe unaonekana. Ndipo hunguruma. Hajauma. Shemeji anashauri apigwe fimbo kila akinguruma. Nakataa: kunguruma ni onyo, na mbwa aliyechapwa mpaka akaacha kuonya, hofu yake ipo palepale, ikimzidi atauma kimyakimya. Kumnyang'anya sufuria nako kunamfunza kuwa mtu akija, chakula kinaondoka.

Kwa hiyo anakula mara mbili kwa siku nyuma ya wigo wa makuti, mlango una komeo. Napita hatua 5 kutoka sufuria, namtupia kipande cha samaki, kitamu kuliko ugali wake, naenda zangu. Mwili ukilegea na mkia ukicheza, kesho yake nasogea hatua moja. Akikakamaa, narudi nyuma mbili. Sasa nafika hatua 2.

Watoto wakubwa wanajua wasimwamshe, wasimkumbatie shingo, na akiwafuata wasikimbie: wasimame kama mnazi, mikono ubavuni, macho chini. Kikwazo ni bibi yao. Mbwa akimlamba mtoto, bibi hupiga ukelele kwa ajili ya kutwaharisha mara saba, moja kwa udongo (na ni haki yake), watoto hutimka, mbwa huona mchezo umeanza, naye huwafukuza.

Nisaidie haya. Mmoja wa wale wakubwa, wa miaka tisa, aanze lini kutupa samaki, nami nikiwa ubavuni pake? Na huyu mdogo asiyeshika agizo, wigo unatosha, au mbwa ahamie shamba kabisa mpaka mtoto afike umri gani? Wapo wanaosema nimfunge mnyororo mchana kutwa. Naogopa, kwani mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia mtoto akimwendea, na kilichobaki ni kuuma.

Msomaji, Muyuni