Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: mkaguzi aje msimu wa mabibo

Mheshimiwa Waziri, habari za kazi.

Nakuandikia kutoka Newala, mkoani Mtwara. Sijaja na kilio cha korosho, hiyo ina vyama vyake vya msingi na minada yake na kelele zake kila mwaka, mi nakuja na lile bibo, tunda laini la mkorosho, linalobaki chini korosho ikishanyofolewa. Kama hujawahi kupita huku Novemba basi harufu utaisikia kabla hujaona mti, bibo likidondoka leo kesho lina nzi, kesho kutwa uji. Mengi yanaoza tu, machache tunakamua tunakunywa uraka, maji yake yaliyochacha, na wengine usiku wanapika nipa, yaani gongo ya mabibo, porini japo sheria ya pombe ya moshi ipo tangu 1966 na kila mtu anaijua.

Mimi kupika porini sikutaka, nataka kupika kwa kibali. Nikasajili kampuni BRELA, nikachukua namba ya mlipa kodi (TIN), nikamtafuta fundi akanichongea mtambo wa lita 200, shaba tupu, sio pipa la mafuta lenye kutu, na kipimajoto juu. Ile pombe inayotoka mwanzo unaitupa, haifai kunywa, na ukali unaupima kwa kipimo chake. Mpishi wa porini yeye anawasha kiberiti aone kama inawaka, ikiwaka anajaza chupa.

Sasa ombi langu la kibali liko ofisi moja, jina lake silisemi, huu mwaka wa pili. Waliniambia lete sampuli ikapimwe maabara. Nikauliza, sampuli naitoa wapi na kibali sina, si nikipika tu tayari hiyo ni gongo na polisi watakuja? Afisa akacheka, akasema swali zuri, akafunga faili.

Alafu mkaguzi akaja Machi. Machi mheshimiwa! Mabibo yalishaisha Januari, akakuta mtambo umefunikwa kanga ya mke wangu, akaandika "hakuna uzalishaji". Nikamwomba arudi Novemba, akanijibu itategemea mafuta ya gari. Na Desemba iliyotangulia jirani yangu, mama wa watoto wanne, alikamatwa na dumu la lita tano, yeye gari la polisi lilifika siku hiyohiyo.

Siombi nisamehewe chochote. TBS wa viwango wapime, Mkemia Mkuu apime, watu wa mazingira waje waone maji machafu yanaenda wapi, TRA wabandike stempu zao na ushuru wa bidhaa nitalipa. Ninachoomba ni kibali kidogo cha kupika sampuli tu, hata lita tano, mkaguzi akiwa amesimama pale, aifunge mwenyewe kwa lakiri aondoke nayo. Na kwa kitu cha msimu tarehe ya ukaguzi ifuate mti isifuate ratiba ya ofisi, maana ukikosa miezi hii mitatu umekosa mwaka mzima. Goa kule India bibo hilihili wanapikia pombe kali iitwayo feni, tangu 2009 ina alama ya kijiografia inayolinda jina lake, na mikorosho yao ililetwa kutoka Brazil na Wareno walewale walioleta ya kwetu.

Saa hizi ni Julai, mikorosho imeanza kutoa maua. Wiki ya pili ya Novemba mtambo utakuwa umeoshwa na mabibo yapo chini, chai ya mkaguzi ipo, na mafuta ya gari kutoka Mtwara mjini nitachangia kama haitahesabiwa rushwa.

Wako,
Mkulima na mpishi asiye na kibali, Newala