Mashine haijafa, baba

Mwanangu,

Jana usiku umenitumia ile picha ukasema mashine ya kuoshea vyombo imekufa, vyombo vinatoka na uchafu uleule. Nimeiangalia nikaivuta karibu nikaiangalia tena. Haijafa baba, umeipanga vibaya tu. Na mle ndani kuna vitu viwili vimenishtua, ntavifikia.

Watu wengi wanadhani ile mashine inajaa maji kama beseni. Haijai. Inachota maji kidogo tu pale chini, inayapasha moto, inayarusha kwa nguvu kupitia yale mapanga yenye vitundu yanayozunguka kama feni, maji yanapiga vyombo yanashuka yanachujwa yanarushwa tena. Kwaiyo chombo ambacho maji hayakipigi hakioshwi, hata uweke sabuni mara tatu.

Sasa rudi kwenye picha yako. Lile bakuli kubwa umelifudikiza kichanja cha chini, limekuwa kama mwavuli, vikombe vilivyo juu yake vimekosa maji ya kutoka chini. Halafu ule upawa mrefu umepenya kwenye kikapu umetokeza chini, panga likizunguka linaugonga linakwama, na panga likikwama kichanja kizima hakioshwi. Kila ukimaliza kupanga lisukume panga kwa kidole, la chini na la juu, likizunguka mzunguko mzima bila kugusa kitu ndo ufunge mlango.

Sahani uso wake uangalie katikati na zisigusane. Vikombe na glasi kichanja cha juu, mdomo chini, ila viinamishe upande kidogo maana kitako cha kikombe kina kishimo na maji yanatuama pale, ukivuta kichanja yanamwagikia vya chini vilivyokwisha kauka, ndo maana mimi natoa vya chini kwanza. Vijiko changanya na uma. Vijiko viwili vya aina moja vikikaa pamoja vinalaliana vinagandana kama kimoja, ukivibandua unakuta mgongo wa huyu unang'aa na tumbo la yule bado lina chakula kimekauka kama gundi. Vya ncha kali, ncha iangalie chini, hapo sina mjadala, kuna siku mtu ataingiza mkono bila kuangalia.

Hii ya kila kitu kuwa na nafasi yake sijaitunga mimi. Josephine Cochrane, yule mama wa Marekani aliyepata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886, alipima vyombo vyake akatengeneza vyumba vya waya vya kuvishika, kila aina na chumba chake, maji ya sabuni yakawa yanavirukia. Mpaka leo kichanja chako ni wazo lilelile.

Usisuuze vyombo kabla ya kuviweka, kwangua mabaki tu inatosha. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini, waachie kazi yao. Ila ile sabuni ya maji unayooshea kwa mkono usithubutu kuitia mle, povu litatoka mpaka sakafuni. Na chujio pale chini naona hujalitoa tangu uhamie, lizungushe utoe, liweke chini ya bomba, lisugue na brashi laini. Harufu uliyoniambia naamini inatoka hapo.

Haya, vile vitu viwili. Nimekiona kisu cha bibi yako kwenye kikapu. Mwanangu, kile kisu mpini wake ni mbao. Mbao inanyonya maji ya moto inavimba, halafu inakaushwa na joto inasinyaa, mara ya kwanza huoni kitu, mara ya kumi inapasuka. Bibi alikuwa na visu viwili, kimoja akanipa mimi na nlikiweka kwenye mashine hivyohivyo, mpini ukachanika katikati, misumari ikalegea, siku moja nakata kitu, bapa la kisu likachomoka mkononi. Nililia kweli siku ile, sio kwa ajili ya kidole. Hicho chako ndo kimebaki. Na makali pia yanaisha kwa kugongana na vyombo vingine. Mwiko na kibao cha kukatia navyo ni mbao, osha kwa mkono.

Kingine ni ile chupa ya chai. Ina kuta mbili, katikati hamna hewa, na hapo ndo joto linapotunzwa, joto la mashine likiharibu pale ilipozibwa chai inapoa saa hiyohiyo. Kama aliyeitengeneza hajaandika kwamba inaruhusiwa, usiweke. Sufuria za aluminiamu zitafubaa ziwe za kijivu, kikaango cha chuma kizito kitatoka mafuta yake kishike kutu, glasi zenye urembo wa dhahabu urembo utafutika. Plastiki geuza uangalie kitakoni, kukiwa na alama ya sahani au glasi na matone ya maji weka, kichanja cha juu lakini, mashine nyingi kipasha joto kiko chini. Isipokuwa na alama osha kwa mkono.

Kisu kitoe leo baba, kifute, kikaushe, mpini upake mafuta kidogo. Halafu panga upya unitumie picha kabla hujawasha.

Mama