Kesho Tokushima

Habari za jioni wanangoma. Kesho saa tatu asubuhi tunaondoka Kobe kwa basi kwenda Tokushima, huku huku Japani. Tukifika, kila wawili wanakwenda na familia itakayowapokea nyumbani kwake.

Viatu huachwa mlangoni. Bafuni, jisugue na kujisuuza kwanza nje ya beseni, ndipo uingie. Maji yale ya moto ni ya nyumba nzima, jamani msiyamwage! Bakshishi hawapokei. Zawadi ni khanga zetu, mkabidhi kwa mikono miwili.

Usiku tunajiunga na Awa Odori, tamasha la ngoma la mitaani, kwenye kundi la wageni, niwaka-ren. Mikono juu, magoti yakunjwe. Agosti huku ni joto kweli, bebeni maji.

Wenyeji wanauliza nani hali nguruwe. Nijibuni kabla ya kulala.